Fimbo ya Sifa Niliyoilowesha Majini

Buffalo, West Side

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Goti linasemaje? Mara ya mwisho uliniambia linakuamsha kabla ya jogoo, ukacheka, lakini mimi sikucheka. Mvua zimekuja kwa adabu mwaka huu au zimebomoa tena ukuta wa jikoni? Na kwaya ya kina mama, bado wanakuachia uanzishe nyimbo, au yule mwenye sauti ya mbuzi amekunyang'anya nafasi? Hapa kwetu tuko wazima. Mke wangu Faida amebadilishiwa zamu kwa wale wazee anaowatunza, sasa anarudi nyumbani mchana na anamshukuru Mungu. Mimi bado niko kwenye lile ghala la Cheektowaga, napakia maboksi. Mgongo unalalamika lakini unatii. Theluji imepanda hadi kwenye madirisha ya chini, na kila asubuhi nachimba gari langu kama mtu anayevuna mihogo.

Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu mke wa mchungaji wetu anasafiri kuja Kasulu, na ameahidi kuifikisha barua hii kambini Nyarugusu kwa mkono wake. Hiyo ni sababu moja. Sababu nyingine ni mwanao Etabo. Najua atakuwa amekwisha kukupigia kutoka Louisville na kukueleza kwamba mimi, kaka yake mkubwa, nimemwaibisha binti yangu Sifa mbele ya wazungu kwa ubahili na ukaidi. Kwenye simu nikianza kujitetea napandisha sauti, wewe unasema niheshimu mdogo wangu, halafu mtandao unakatika kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Barua haikatiki. Kwa hiyo vaa miwani, Mama, kaa chini, unisikilize mpaka mwisho. Nimekasirika, na sioni haya kusema.

Nianze na mchezo wenyewe, maana hujauona. Unaitwa hoki. Watu wanavaa viatu vyenye chuma chembamba chini, wanateleza juu ya sakafu ya barafu iliyotengenezwa makusudi ndani ya jumba. Ndiyo, Mama. Nje kuna barafu ya bure mpaka tunavunjika viuno, na bado wanalipia umeme kuitengeneza nyingine ndani. Kila mchezaji ana fimbo ndefu ya kusukumia kidude cheusi cha mpira mgumu, na kukiingiza golini ndiyo sherehe. Fimbo ina mpini, na chini yake kuna bapa lililopinda kidogo, kama jembe lililolazwa ubavu.

Mjukuu wako ameushika mchezo huu kuliko mimi nilivyoshika dini. Shule yao inawaazima wasichana viatu na mavazi ya kujikinga, lakini fimbo kila mtu anakuja na yake. Ya Sifa tulipewa na bibi jirani yetu. Ilikuwa ya marehemu mume wake, ya mtindo wa zamani, mpini wake ni bomba la alumini na bapa ni la mti lililochomekwa ndani ya bomba. Nzuri sana, nyepesi. Msimu mzima Sifa alikaa kwenye benchi akiwatazama wenzake, mpaka kocha akaona bidii yake akamwambia kwamba kwenye mashindano ya Columbus ataanza tangu dakika ya kwanza. Mtoto alirudi nyumbani akaruka ngazi zote kwa mara moja. Kabla ya safari, kwenye mazoezi, mwenzake akalikanyaga lile bapa kwa chuma cha kiatu, likapasuka katikati. Na kocha alikwisha kuwaandikia wazazi wote: asiye na fimbo nzima hachezi.

Nikaenda dukani. Nilimwonyesha muuzaji, nikamwambia nataka bapa tu, mpini ni mzima. Alinitazama kama mtu aliyeomba kununua mguu mmoja wa suruali. Akasema siku hizi watu hawafanyi hivyo, fimbo inatoka kiwandani kipande kimoja, ikivunjika unatupa unanunua nyingine, na akaunyooshea kidole ukuta mzima wa fimbo mpya zinazong'aa. Nchi hii, Mama, kitu kikiumia kidole wanazika mwili mzima. Nilimwambia mpini huu umemzidi umri yeye na utamzika. Akacheka, akaenda nyuma, akarudi na boksi lenye vumbi lililokuwa na mabapa matatu ya zamani. Nikachagua moja. Akaniwekea na kijiti cha gundi kavu, bure, akaanza kunieleza namna ya kuitumia. Sikumsikiliza. Ningemsikiliza mtu aliyetaka niutupe mpini mzima?

Sasa hapa ndipo Etabo atakuwa amecheka kwenye simu. Nilifanya kama ulivyotufundisha kambini. Nililichonga lile bapa sehemu ya juu inayoingia kwenye bomba, nikakwangua kila kitu cha kiwandani kilichokuwa kimepakwa pale. Nikalizungushia kipande cha kitenge cha zamani cha Faida, kile chekundu chenye maua, nikaligonga mpaka likaingia kwa kulia. Halafu nikajaza maji kwenye beseni la kuogea nikailowesha fimbo usiku mzima, ili mti uvimbe na kukaza. Si ndivyo ulivyofanya jembe lako kila jioni kabla ya kwenda kulima kwa wenyeji, wale Waha? Jembe lako halikuchomoka kwenye mpini hata siku moja. Sifa alikaa ukingoni mwa beseni akinitazama, nami nikamsimulia yote ya Koko wake: namna wewe ulivyokuwa ukiulaza mpini majini, namna ulivyokuwa ukitufukuza tusicheze na yale maji, namna majirani walivyokuletea majembe yao. Ile gundi niliitupa kwenye taka. Gundi ni ya daftari.

Tulisafiri Ijumaa, mimi na Sifa peke yetu kwa kuwa Faida hakupata ruhusa. Columbus iko kati yetu na Louisville, ndiyo maana Etabo naye aliahidi kuja kumwona mtoto akicheza. Tulilala Linden, mtaa wa huko Columbus, kwa familia ya Byaombe, wale waliokuwa jirani zetu kambini. Wanakusalimu sana, na mama yao bado anacheka kwa kupiga mapaja. Fimbo niliiacha kwenye buti la gari. Asubuhi nikaitoa nikaipiga chini kwa nguvu zote, mara tatu. Haikutikisika hata kidogo. Nilimwita Byaombe aje aone kazi ya mikono. Byaombe naye akaipiga chini akasema, "Hii haitoke, hata Yesu arudi."

Mama, tulisahau kitu kimoja ambacho wewe hukuwahi kuwa na haja ya kukijua. Kilichoshika lile bapa asubuhi ile hakikuwa mti uliovimba. Ilikuwa barafu. Usiku kucha maji yaliganda ndani ya bomba, na maji yakiganda yanataka nafasi, ndiyo maana chupa ukiisahau nje inapasuka. Yaliupanua mdomo wa bomba taratibu, bila mimi kujua. Halafu tukaingia kwenye jumba, Sifa akakaa na wenzake kwenye chumba cha kuvalia chenye joto, na barafu ikayeyuka. Sikulaumu, Mama. Dawa yako ni nzuri. Ila ni ya nchi yenye jua.

Mwanzo alicheza vizuri. Nilikuwa nimesimama kwenye kioo kinachozunguka uwanja pamoja na Etabo, aliyekuja amevaa koti refu kama waziri na kubeba kitu kirefu kilichofungwa kwenye nailoni ambacho hakutaka kuniambia ni nini. Katika kipindi cha pili Sifa alipokea kile kidude, akaenda nacho peke yake, mbele yake amebaki kipa tu. Akainua fimbo apige. Bapa likachomoka likaruka, likapita pembeni ya goli likiteleza lenyewe, na mtoto akabaki ameshika bomba tupu linalodondosha maji, na kile kitenge chekundu kinaning'inia kwenye mdomo wa bomba kama mkia.

Walicheka. Watoto walicheka, hao nawasamehe. Wazazi pia walicheka, watu wenye mvi, mmoja akatoa simu kupiga picha. Na kwa sababu Sifa hakuiachia fimbo, refa akampa adhabu. Ndiyo sheria yao: fimbo ikivunjika unaitupa papo hapo, ukiendelea kuishika ni kosa. Mtoto aliyelelewa kwa kuambiwa asitupe chombo anaadhibiwa kwa kutokutupa chombo. Wakamfungia kwenye kizimba cha adhabu kilicho kando ya uwanja, peke yake, amekumbatia bomba. Wakati akiwa mle ndani ndipo wale wengine wakafunga goli la ushindi.

Sijamaliza. Kabla hata hajatoka kizimbani, akanijia mama mmoja ambaye binti yake yuko timu moja na Sifa. Akaniwekea mkono begani, akaanza kusema Kiingereza polepole, kila neno peke yake, kama anayeita kuku. Akasema wazazi wamezungumza. Akasema tusione aibu, wao wanaelewa tulikotoka, watachanga wamnunulie mtoto fimbo. Akauliza kama nyumbani tuna nguo za baridi za kutosha. Mama, nilikuwa nimevaa koti! Nina kazi, nina gari lililonileta kutoka jimbo lingine, nina mke anayewaogesha wazazi wa watu kama yeye, na mtu ananiuliza mbele ya ndugu na adui kama tuna nguo. Na anauliza kwa huruma, hilo ndilo linalouma, maana mtu akikutukana unajua pa kumshika.

Nilimjibu. Nilisema, "Huyu mtoto ana baba. Baba mwenyewe ndiye huyu, amesimama." Nilisema kwa sauti. Etabo anasema nilipiga kelele, na labda ni kweli, kwa sababu jumba zima lilinyamaza na kocha akaja kuniomba nitulie. Yule mama akawa mwekundu, akaenda zake. Nilipogeuka nikamwona Sifa kizimbani. Hakuwa akinitazama mimi, alikuwa akitazama viatu vyake.

Mchezo wa pili ulikuwa alasiri ile ile, na wakishindwa huo wanarudi nyumbani. Kocha akanikumbusha, kwa upole, ile habari ya fimbo nzima. Tukatoka nje hadi kwenye maegesho ya magari, na huko mwanao wa damu, maana leo siwezi kumwita mdogo wangu, akafungua ile nailoni yake. Ndani mlikuwa na fimbo mpya, nyeusi, kipande kimoja, ya zile za ukutani.

"Yaya, donc, mi nilijua," akasema, akiniita kaka mkubwa kama zamani. "Nilijua tu utatuletea mambo ya Nyarugusu huku. Hii si jembe. Umupatie mutoto kitu ya mupya, bazungu baache kutucheka."

Nikamwuliza tangu lini mtu anakuja kumwangalia mtoto wa kaka yake, huku amekwisha kununua sanda ya kuzikia kazi ya kaka huyo. Akasema mimi ni kichwa ngumu. Nikasema yeye koti limemwingia kichwani. Tulisemezana mengi, Mama, mengine nitakuachia Etabo akusimulie, ana kumbukumbu nzuri kwa matusi yangu. Nilikataa ile fimbo. Nilisema Sifa atacheza na fimbo ya nyumbani kwao au hatacheza.

Wakati huo mtoto alikuwa amesimama nyuma yetu na soksi zake ndefu, amesikia yote. Alifungua begi lake akatoa lile bapa, na kile kijiti cha gundi nilichokitupa. Alikuwa amekiokota kwenye taka. Akaniambia kwa Kiingereza, maana ndicho anachojibia siku hizi, kwamba gundi hii inataka moto: unaiyeyusha kwenye mti, unapasha moto mdomo wa bomba, unachomeka, unashikilia, unaacha ipoe. Etabo akasema moto tutautoa wapi kwenye maegesho ya wazungu. Halafu tukatazamana, maana mke wake alikuwa amempakia sufuria ya sombe ya majani ya mihogo, ugali uliofungwa kwenye taulo, na jiko dogo la gesi la kupashia.

Basi mwone mwanao mwenye koti la waziri akichuchumaa kwenye theluji, akikinga moto wa gesi na pindo la koti lile lile. Sifa alikausha mti kwanza juu ya moto, akakitoa kitenge akanikabidhi, akayeyusha gundi ikawa kama asali nzito. Mimi nilishika bomba kwa glavu. Etabo alikuwa akitoa amri ambazo hakuna aliyemwomba. Tulipolichomeka bapa, gundi ilijaa kila pembe mpaka ikatoka nje kidogo, na baada ya muda nikaipiga chini, nikaipiga tena, nikamwita Etabo aipige. Ilikuwa imara kabisa, na safari hii ni imara ya kweli. Hata yeye alicheka. Tukala sombe tumesimama, na kwa muda ule mdogo nikasahau kwamba nimekasirika.

Kocha akaita. Fimbo mbili zilikuwa zimeegemea gari, yetu na ya Etabo. Nikajitanua, nikasema kwa ukubwa kwamba mtoto achague mwenyewe, kwa maana nilijua atachagua nini.

Sifa akachukua ile nyeusi akaingia nayo ndani. Hakugeuka.

Walishinda. Yeye hakufunga, lakini alimpa mwenzake pasi ya goli, na Etabo aliruka mpaka kofia ikamvuka. Mimi nilipiga makofi. Nilipiga makofi kama baba anavyopaswa, lakini ndani nilikuwa nachemka kuliko lile jiko. Nilijiambia basi, Etabo amemnunua na mtoto pia. Sikulala vizuri usiku ule, na kesho yake walipotolewa na timu nyingine nilifunga mizigo tukaondoka.

Njiani kurudi Buffalo nilijizuia kadiri nilivyoweza, wewe unanijua. Mwishoni nikamwuliza. Nikamwuliza kwanza habari ya gundi: alijua lini? Akasema alijua tangu usiku wa beseni, alikwisha kuangalia kwenye simu yake namna wanavyofanya. Nikamwuliza kwa nini basi aliniacha niloweshe. Akasema, "Ulikuwa na furaha, Papa. Ulikuwa unaongea habari za Koko."

Nikamwuliza na ile fimbo tuliyoiunga sisi wote watatu, ilikuwa na kasoro gani hata akaiacha. Akatazama dirishani. Safari hii alinijibu kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, polepole, ili nisikosee kuelewa.

"Ingetoka tena, batakucheka weye," akasema. "Mie bakinicheka, haina kitu. Lakini weye unakasirika sana, na hiyo njo inaniuma."

Mama, sikiliza hapa. Nilidhani nimekasirishwa na muuzaji, na yule mama wa huruma, na refa, na Etabo. Ile hasira ilikuwa ndogo. Hasira kubwa imenipanda pale ndani ya gari na haijashuka mpaka leo ninapoandika. Nani amempa mtoto wa miaka kumi na mitatu kazi hii? Wewe na Baba mlituficha njaa, mkatuambia mmeshakula. Hiyo ilikuwa kazi yenu na ilikuwa haki yenu. Sasa mwanangu ananificha mimi. Ananibeba mgongoni, na mimi naenda nikijisifu kwamba natembea. Kila nilipompandishia mtu sauti ili kumlinda, kumbe yeye alikuwa akihesabu namna ya kunilinda mimi. Nakataa. Sikuvuka nilikovuka ili niwe mzigo wa binti yangu. Nilijaribu kumwambia, lakini nikasikia sauti yangu mwenyewe inapanda, na yeye akasema haraka, "Sawa, Papa, sawa," kama anayemtuliza mtu, nikaona ndiyo yale yale.

Nisalimie shangazi anayeuza maandazi penye bomba la maji, umwambie mwanawe wa Louisville amepata mtoto wa kiume. Msalimie dada Riziki na watoto wake, na baba mkubwa mwenye redio, na yule mama wa kwaya pia, hata kama sauti yake ni ile niliyosema. Faida anakusalimu na ametuma kitambaa cha kichwa, utakipata pamoja na barua hii. Etabo akikupigia tena, mwambie nimepokea fimbo yake na ninashukuru. Usimwambie nimeandika hivyo bila kukunja uso.

Ombi langu ni moja. Jumapili Sifa atakupigia kama kawaida. Usimwulize habari ya fimbo wala mashindano. Msimulie tu siku ile nilipoanguka kwenye matope mbele ya foleni yote ya mgao wa unga, suruali ikapasuka nyuma, na kambi nzima ikacheka, nawe ukacheka kuliko wote. Mwambie nilirudi nyumbani nikala, nikalala, nikaamka mzima. Mimi nikimwambia ataona namfariji. Wewe atakuamini, kwamba baba yake anaweza kuchekwa na asife.

Mwanao anayekukumbuka kila siku,

Asukulu